Usiiache Injini Inywe Maji ya Tana

Kwa anayeendesha gari kati ya Minjila, Gamba na Kilelengwani, kwenye delta ya mto Tana, kutazama mawingu hakutoshi. Mto Tana hubeba mvua ya mbali. Maji ya mvua inayonyesha Mlima Kenya na Aberdare hushuka kwa mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakapita Garissa na Hola, yakafika Garsen siku kadhaa baadaye. Mabwawa yakijaa na kuanza kumwaga, unaweza kuamka Kilelengwani kukiwa na jua kali na vumbi barabarani, na kufika jioni ukute njia uliyopita asubuhi imefunikwa. Mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño ziliifunika barabara ya Garsen kwenda Lamu, na masika ya 2024 yakaja na maji mengine juu ya yale. Lami haikusaidia. Na ukishaiacha lami ukaingia kwenye udongo mweusi wa delta, hata mvua ya saa moja inatosha kuligeuza bonde dogo kuwa ziwa.

Katika misimu kama hiyo magari mengi huharibika, na wenyewe hulaumu mvua. Ukimsikiliza fundi anayeifungua injini, utasikia kisa kingine: gari liliingia majini, likazima, dereva akapiga stata. Injini ilivunjika pale stata ilipopigwa. Nataka msomaji wangu aelewe kwa nini, kwa sababu akishaelewa atajua mwenyewe la kufanya hata mahali ambapo hakuna wa kumuuliza.

Injini hupumua. Ya lita 2, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta karibu lita 2,000 za hewa kila dakika, yaani mapipa kumi yale makubwa ya mafuta. Hewa hiyo yote huingia kwa tundu moja, mdomo wa bomba linalokwenda kwenye boksi la ea klina. Mdomo huo ukifikiwa na maji, injini haichagui. Inavuta maji kwa nguvu ile ile.

Sasa, hewa hubanwa na maji hayabanwi. Ndani ya silinda pistoni hupanda na kuibana hewa mpaka ibaki nafasi ndogo mno. Chukua injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita na lita 4.2 iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi zinazobeba watu, mizigo na askari huku kwetu. Pistoni yake ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 30, vijiko viwili vya mezani. Injini ya petroli ya Probox ya lita 1.5 hubakiza karibu mililita 40. Maji yakizidi kiasi hicho ndani ya silinda moja, pistoni hugonga kitu kisichosogea ilhali zile nyingine bado zinaisukuma. Kinachosalimu amri ni koneti rodi. Inapinda, na ikizidi inakatika na kutoboa ubavu wa injini.

Hapa dizeli ina hatari yake. Gari la petroli mara nyingi huzimika mapema, maana maji yakifika kwenye waya za plagi au koili, moto unakatika kabla mdomo wa hewa haujazama. Dereva hukasirika, kumbe ameokolewa. Dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida haina plagi ya kuzimwa na maji. Itaendelea kunguruma huku maji yamefika kwenye boneti, mpaka ivute funda la kwanza. Kwa hiyo anayejisifu kwamba Land Cruiser yake haizimi majini ajue kwamba gari hilo halitampa onyo.

Turudi kwenye mvua yenyewe, ile inayotoka juu. Waliotengeneza gari walishaifikiria. Mdomo wa hewa huwekwa mahali pa kujificha, nyuma ya taa, ndani ya fenda au juu ya radieta chini ya ukingo wa boneti, na boksi la ea klina huwa na kitobo chini cha kutolea matone yaliyoingia. Gari likiwa na viungo vyake vyote linaweza kupigwa na masika mwezi mzima na ea klina isilowe. Shida ni kwamba magari yetu hayana viungo vyake vyote. Yameletwa yakiwa yametumika, yamegongwa na kunyooshwa, na kila gereji imeondoa kitu ambacho fundi aliona hakina kazi.

Kitu cha kwanza kuondoka ni ile plastiki nyeusi ya ndani ya fenda, juu ya gurudumu. Inakatika kwenye mashimo, dereva anaing'oa na kuitupa. Kwenye gari ambalo mdomo wa hewa uko ndani ya fenda, plastiki hiyo ndiyo ukuta pekee kati ya gurudumu na injini. Ikishaondoka, kila dimbwi unalolipita kwa kasi linarushwa na tairi moja kwa moja kwenye mdomo. Cha pili ni mpira mrefu unaolala kwenye ukingo wa boneti. Ukikatika, maji ya mvua hutiririka juu ya radieta na kuangukia mahali ambapo magari mengi madogo huvutia hewa. Kisha kuna klipu za boksi la ea klina. Mbili zimevunjika, ya tatu imefungwa kwa waya, na kifuniko kimeacha mwanya wa kupitisha kidole. Kwenye kiangazi mwanya huo unaingiza vumbi la Tana, ambalo ni laini kama unga na linaimaliza injini taratibu. Kwenye masika unaingiza maji.

Pia angalia mahali unapoegesha. Watu wa delta wana miembe, na kivuli cha mwembe ni neema. Lakini majani yake huanguka kwenye ule mfereji ulio chini ya waipa, yakaoza na kuziba matundu ambayo maji ya kioo cha mbele hushukia. Mfereji ukijaa, maji hutafuta njia nyingine: kwenye miguu ya dereva, kwenye waya, na kwa baadhi ya magari juu ya injini yenyewe. Vua majani hayo kwa mkono, kisha mimina lita moja ya maji utazame yanatokea wapi. Yanapaswa kuanguka chini nyuma ya magurudumu ya mbele. Yasipoanguka, tundu limeziba.

Fungua boksi la ea klina kabla masika hayajaanza, mwezi wa Machi ukielekea mwisho. Toa ile karatasi. Ukiona imejaa vumbi la kiangazi, ibadilishe wala usiipulize ukairudisha, kwa kuwa vumbi likilowa linageuka tope na karatasi inavimba. Injini itakosa pumzi, itatoa moshi mweusi, na karatasi ikichanika vipande vitafuata hewa ndani. Pangusa sakafu ya boksi kwa kitambaa. Tafuta kile kitobo cha chini. Magari mengine yana kimpira chenye midomo miwili iliyobanana. Kinaachia maji yatoke na kuzuia yasiingie. Kibinye kwa vidole. Kikiwa kimekauka na kupasuka, kinunue kingine. Kikiwa kimejaa udongo, kisafishe. Karatasi moja mpya iwekwe garini ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, sababu huwezi kutegemea kupata duka la vipuri Kilelengwani, na kuendesha bila ea klina kwenye barabara ile ni kuilisha injini mchanga.

Vijana wanaopenda ile ea klina ya wazi yenye umbo la pia, inayokaa ndani ya boneti bila boksi, wataniwia radhi. Ni ya mji mkavu. Huku iondoeni.

Snokeli ni jambo jema kwa gari la kazi, ila wengi wanainunua na kuachia hapo. Bomba linapanda mpaka usawa wa paa, linapendeza, lakini chini kwenye fenda limeunganishwa na boksi kwa mpira usiobana, na kile kitobo cha boksi kimeachwa wazi. Gari likizama, maji yanaingia kwa chini huku kichwa cha snokeli kikiwa juu hewani hakina kazi. Kuna jaribio la dakika moja. Washa injini iungurume polepole, mtu azibe kichwa cha snokeli kabisa kwa kiganja au kipande cha mpira. Injini inapaswa kukosa pumzi na kuzimika. Ikiendelea kunguruma kama hakuna lililotokea, inavuta hewa pengine, na pale inapovuta hewa ndipo itakapovuta maji. Sikiliza mlio wa kufyonza, tafuta mwanya, kaza klipu, rudia. Fundi aliyekufungia snokeli na hataki kulifanya jaribio hili mbele yako hajamaliza kazi yake.

Kichwa cha snokeli kinachotazama mbele huwa na vitundu vya kumwagia matone ya mvua. Usivizibe. Mvua ikiwa ya kupofua macho na safari ni ndefu, wengine hukigeuza kitazame nyuma, na ni sawa.

Sasa kipimo. Chukua utepe, pima kutoka ardhini mpaka ukingo wa chini wa mdomo wa hewa wa gari lako. Usikisie kwa kutazama boneti. Kwenye magari mengi mdomo uko chini kuliko unavyodhani. Toa shubiri moja, maana maji hayakai bapa mbele ya gari linalotembea, yanainuka. Kinachobaki kitie alama kwenye fimbo kwa rangi au kwa kisu, na fimbo hiyo iwe mali ya gari. Wafugaji wa delta hawatoki bila fimbo. Dereva naye asitoke bila yake.

Fimbo haina maana kwamba uvue viatu uingie majini kupima. Mamba wa Tana hutoka na mafuriko na kuingia mahali ambapo siku nyingine ni malisho, na viboko hali kadhalika. Uliza. Simama kando, umsalimu mzee aliyekaa pale, umuulize maji yalikuwa wapi jana, na gari la mwisho lililopita lilikuwa lipi na lilifika wapi. Wapokomo wamelima kando ya mto huu vizazi na vizazi na wanajua unavyopanda na kushuka; Waorma na Wardei wanajua kila bonde ambalo ng'ombe huvukia. Akikuambia ngoja, ngoja. Maji yakitulia, chomeka fimbo ukingoni na utazame yanapanda au yanashuka.

Maji yanayokimbia ni jambo jingine kabisa, na hapo usipime kwa mdomo wa hewa. Sentimita 30 za maji ya kasi zinaweza kulisogeza gari dogo, na sentimita 60 zinaweza kulibeba gari lolote la kawaida, Land Cruiser nayo ikiwemo. Desemba 2021, kwenye mto Enziu huko Mwingi, basi lililobeba wanakwaya wakielekea harusini liliingia kwenye daraja lililofunikwa na maji. Zaidi ya watu 30 walikufa mbele ya macho ya waliosimama ukingoni. Aprili 2024 basi jingine lilisombwa hapa hapa kaunti ya Tana River, eneo la Tula, likiwa na abiria 51, na ni kwa juhudi za waokoaji kwamba wote walitoka hai. Kilichoyashinda mabasi hayo ni nguvu ya maji. Kwa hiyo ushauri wangu wote kuhusu kuvuka ni wa maji yaliyosimama, unayoijua sakafu yake, na yasiyofika kwenye alama ya fimbo. Nje ya hapo geuza gari.

Ukivuka, vuka kwa mwendo wa mtu anayetembea, gia ya kwanza, na kama lina foo-wili liwe ndani kabla ya kuingia. Kasi ndogo isiyobadilika inasukuma wimbi dogo mbele ya bampa, na nyuma ya wimbi hilo maji hushuka kidogo pale injini ilipo. Ukiharakisha unalipanda wimbi lako mwenyewe. Ukipunguza ghafla, linarudi na kukumwagikia. Usikanyage klachi katikati, usibadilishe gia. Na usiingie huku lori linakuja kutoka upande wa pili. Wimbi la lori linaweza kufika pale ambapo maji yenyewe yasingefika kamwe. Liache litoke, maji yatulie, ndipo uingie. Wenye heshima barabarani hungojana.

Turubai ni chombo cha bei rahisi ambacho madereva wamekisahau. Lifunge mbele ya grili kutoka boneti mpaka chini ya bampa. Linapunguza maji yanayoingia kwenye boneti kwa kishindo na kuizuia feni isiyarushe juu ya injini. Gari likiwa na feni ya umeme, chomoa soketi yake kwanza kwa muda wa kuvuka. Ukitoka upande wa pili, vua turubai na rudisha soketi mara moja, la sivyo injini itachemka kabla hujafika mbali.

Na likizima majini? Toa ufunguo. Uweke mfukoni. Kila mtu atakuambia jaribu mara moja tu, na abiria nyuma watakuwa wamekasirika, lakini hilo jaribio moja ndilo linalopinda koneti rodi. Kulisukuma gari likiwa kwenye gia ni kosa lile lile. Weka nyutro, vuta kwa kamba au trekta mpaka pakavu, toa terminali ya betri, kisha fungua boksi la ea klina. Karatasi ikiwa kavu na bomba ni kavu ndani, huenda ni umeme tu. Kausha waya, rudisha terminali na ujaribu. Karatasi ikiwa imelowa, hakuna kuwasha. Kwenye petroli fungua plagi zote, kwenye dizeli fungua nozeli au plagi za kupasha moto, rudisha terminali, halafu ndipo uizungushe injini kwa stata, matundu yakiwa wazi, na maji yatarushwa nje. Jitenge na matundu, hasa ya dizeli. Tia oili kidogo ndani ya kila silinda isipate kutu. Vuta dipstiki: oili iliyogeuka rangi ya maziwa imechanganyika na maji na lazima imwagwe yote, na baada ya safari fupi imwagwe tena. Oili ya giaboksi na difu iangaliwe pia, kwa sababu difu yenye joto ikitumbukia kwenye maji baridi hufyonza maji kwa tundu lake la kupumulia.

Injini ikiwaka baada ya hayo na kugonga, au kutetemeka kwa namna ambayo haikuwa nayo, zima. Koneti rodi iliyopinda kidogo inaweza kukufikisha nyumbani na kufanya kazi majuma kadhaa kabla ya kukatika, na ikikatika haiondoki peke yake.

Wa bodaboda wasidhani haya hayawahusu, maana msimu wa maji wao ndio gari la wagonjwa na la unga. Pikipiki nyingi huvuta hewa chini ya kiti, nyuma ya kile kifuniko cha ubavuni. Ukiona maji yatafika kwenye kifuniko, zima injini kabla ya kuingia, ziba salenza kwa kitambaa na uisukume. Au ipakie kwenye mtumbwi, nauli yake ni ndogo kuliko pistoni. Ikilowa, fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage, toa plagi, piga kiki mpaka maji yaishe. Kiti kilichochanika kifunikwe nailoni usiku wa mvua. Na wale wanaoshuka Ozi na Kipini wajue kwamba huko maji ya bahari hupanda mtoni. Pikipiki au gari lililoguswa na chumvi lioshwe kwa maji matamu siku hiyo hiyo, pamoja na soketi za waya.

Lililobaki ni kwa wenye magari. Dereva anayesimama ukingoni pa maji karibu na Kilelengwani akiwa na abiria kumi na mzigo wa soko ndiye anayeona maji, na mara nyingi aliyempigia simu kumwambia apite yuko Malindi au Mombasa. Mpeni karatasi mpya ya ea klina kabla ya Aprili, mpeni turubai na kamba, na akiwaambia amegeuza gari, mwambieni amefanya vyema na mumlipe siku yake.